Kwa Nini Batobato ya Muhogo Haina Dawa ya Kupulizia: Historia Yake kwa Ufupi



Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kila msimu wa kupanda ni hili: "Afisa, nipulizie dawa gani batobato iondoke?" Wengine hawaulizi, wanakuwa wameshanunua. Msimu huu nimemkuta mkulima mmoja na chupa tatu nyumbani: ya kuua wadudu, ya kuua ukungu, na ya mbolea ya majani. Amepulizia zote, moja baada ya nyingine. Fedha ile ingetosha kununua mbegu safi za nusu ekari. Mihogo yake imebaki vilevile, majani yamekunjamana na madoa ya njano yamejaa.

Mara nyingi najibu kwa neno moja tu: hakuna. Lakini jibu la neno moja halimtoshi mtu ambaye shamba lake linaangamia mbele ya macho yake. Kwa hiyo leo naeleza kwa nini hakuna, na nitaeleza kwa kusimulia jinsi watu walivyokuja kulijua jambo hili. Iliwachukua zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Ukiifuata historia hii hadi mwisho, utajua mwenyewe fedha yako uiweke wapi.

Mambo yalianzia kwenye tumbaku

Mwaka 1886 mtaalamu wa kilimo aitwaye Adolf Mayer, aliyefanya kazi Wageningen nchini Uholanzi, aliandika kuhusu ugonjwa wa tumbaku uliokuwa ukiwatia hasara wakulima wa huko. Majani yalikuwa na mabaka ya kijani na njano, kama batobato yetu. Mayer alikamua maji ya jani gonjwa, akayaingiza kwenye mmea mzima, na ule mmea mzima ukaugua. Akajua kwamba ugonjwa unaambukiza. Alichokosa kumwona ni mwambukizaji mwenyewe. Alidhani ni bakteria.

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichukua maji kama hayo, akayachuja kwa chujio la udongo wa kauri lenye vitundu vidogo sana ambavyo bakteria hawapiti. Maji yaliyotoka upande wa pili bado yaliambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo, akaenda hatua moja mbele. Aliona kwamba kitu hiki hakiongezeki kikiwekwa kwenye chupa, hata ukikipa chakula cha namna gani. Kinaongezeka ndani ya mmea ulio hai tu, hasa katika sehemu changa zinazoendelea kukua. Beijerinck akasema kwamba ili kizaliane, ni lazima kijiingize katika uhai wa seli ya mmea. Akakiita virusi.

Shika hilo neno la Beijerinck, maana kila kitu kingine kinatoka hapo. Bakteria ukimpa chakula anazaliana peke yake, kama mbegu ya mahindi kwenye udongo wenye unyevu. Virusi havifanyi hivyo. Ukiviweka mezani mwaka mzima havili, havipumui, havikui. Mpaka viingie ndani ya seli ya mwingine.

Kilichomo ndani ya kirusi

Watu walikaa miaka mingine karibu 40 bila kujua kitu hiki kimetengenezwa na nini. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alikisafisha kirusi cha tumbaku mpaka akakipata katika hali ya fuwele, mfano wa chembe za chumvi. Watu wengi walishangaa: kitu kinachougua nacho mmea, na kinachozaliana, unaweza kukiweka kwenye kichupa kama chumvi ya mezani! Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Stanley alidhani ni protini tupu. Mwaka 1936 Waingereza wawili, Frederick Bawden na Norman Pirie, wakaonyesha kwamba ndani yake kuna kitu kingine kidogo, ambacho leo tunakiita RNA.

Hivyo kirusi kina sehemu mbili tu. Kuna maandishi, yaani RNA au DNA, ambayo ndiyo maelekezo. Na kuna koti la protini linaloyafunika maandishi hayo yasiharibike njiani. Basi. Hakina mdomo, hakina tumbo, hakina mashine ya aina yoyote ya kutengenezea chakula au protini.

Mwaka 1955, huko Berkeley Marekani, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa. Walikitenganisha kirusi cha tumbaku: protini kando, RNA kando. Halafu wakavichanganya tena kwenye maji. Vile vipande vikajipanga vyenyewe, vikawa virusi vizima, na vikaambukiza tumbaku upya. Hakuna aliyevishika mkono kuvipanga. Kila koti la kirusi hicho lina vipande 2,130 vya protini vya aina moja, vinavyojizungusha kufuata uzi wa RNA kama matofali ya mnara wa mviringo. Rosalind Franklin, mwanasayansi wa kike aliyekuwa London, ndiye aliyeonyesha katika miaka hiyo kwamba mnara huo una uwazi katikati na kwamba uzi wa RNA umelazwa ndani ya ukuta wa protini.

Mwaka uliofuata, 1956, ikaonekana kwamba RNA peke yake, bila koti, inatosha kuuambukiza mmea. Maana yake ni kubwa. Maandishi yakishaingia ndani ya seli, kazi yote iliyobaki inafanywa na seli yenyewe.

Fundi anayeshona nguo za mwizi

Chukua mfano wa fundi cherehani pale gulioni. Ana cherehani, vitambaa, nyuzi, mkasi na vijana wa kazi. Anaingia mtu ambaye mfukoni hana chochote isipokuwa karatasi ya vipimo. Anaichomeka karatasi ile katikati ya oda za wateja. Fundi hana njia ya kutofautisha karatasi na karatasi. Anakata kitambaa chake mwenyewe, anatumia uzi wake mwenyewe, anashona makoti mia, tena na nakala za karatasi anazitoa yeye. Makoti yanaondoka, kila moja na karatasi yake mfukoni, kwenda kwa mafundi wengine. Oda za wateja wa kweli zimelala.

Ndivyo kirusi cha batobato kinavyofanya kwenye muhogo. Inzi mweupe anapofyonza utomvu wa jani, anaingiza virusi kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Koti linavuliwa, na maandishi yanaingia kwenye kiini cha seli, mahali ambapo seli ya muhogo inatunza maandishi yake yenyewe. Vimeng'enya vya seli vinayasoma, mashine za seli za kutengeneza protini zinatii, na nishati inayotumika ni ile ambayo jani limeipata kwenye jua. Vipande vya makoti vinarudi kwenye kiini, vinakutana na nakala mpya za maandishi, vinajifunga. Kirusi kipya hicho. Kisha kingine, na kingine.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu walilifahamu katika miaka ya 1990, na kwangu mimi ndilo linaloonyesha ujanja wa kitu hiki kuliko yote. Seli ya jani lililokomaa imeshaacha kujigawa. Vifaa vya kunakili DNA imevifungia, kama fundi aliyefunika cherehani baada ya msimu wa sikukuu. Kirusi cha batobato hakina kifaa cha kunakilia, kwa hiyo seli iliyolala haikifai. Basi kinafanya nini? Moja ya protini chache zinazotokana na maandishi yake inakwenda kushikana na protini ya mmea ambayo kazi yake ni kuizuia seli isijigawe ovyo. Kizuizi kikilegea, seli inaamka na kuvitoa vifaa vyake. Haijigawi kwa faida ya muhogo. Inanakili DNA ya kirusi.

Sasa unaona kwa nini chupa tatu za yule mkulima hazikufaa kitu. Dawa ya ukungu inamshambulia ukungu kwa sababu ukungu una mwili wake na vifaa vyake, tofauti na vya mmea. Dawa ya wadudu inampiga mdudu kwenye neva zake. Kirusi hakina vifaa vya kupigwa. Vifaa vinavyokizalisha ni vya muhogo wenyewe. Ukitaka kuvivunja, utauvunja muhogo. Ni kama kumkomesha yule mwenye karatasi kwa kuvunja cherehani ya fundi.

Amani, Muheza

Turudi kwetu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Huko ulikotoka hakuna batobato hii tunayoijua. Wataalamu wanaamini kwamba virusi vyake vilikuwa kwenye mimea ya porini ya Afrika, vikahamia kwenye muhogo baada ya mgeni huyu kufika. Mtu wa kwanza kuuandika ugonjwa huu alikuwa Mjerumani Otto Warburg, mwaka 1894, na aliuandika kutokana na mihogo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika ya baadaye.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikaingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1928 akafika hapo Harold Storey. Huyu ndiye aliyefanya utafiti mkubwa wa virusi vya mimea katika Afrika Mashariki ya wakati ule. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Kongo na wa Amani walihusisha batobato na inzi weupe. Na mwaka 1936 Storey akatoa taarifa ya ugonjwa wa pili, tofauti na batobato, kwenye mihogo ya ukanda wa pwani. Ndio ule tunaouita michirizi ya kahawia. Nitaurudia baadaye.

Wakati huo hakuna aliyejua habari za seli kutekwa. Lakini wale wa Amani walikuwa wameshaona kwamba dawa haipo, wakachagua njia nyingine: kama huwezi kumwondoa mwizi, tafuta fundi asiyedanganyika. Waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mpira wa Ceara, ule mti ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mti huo ulivumilia virusi, ila mizizi yake hailiki. Kwa hiyo chotara walirudishwa kwa muhogo tena na tena, mpaka wakapatikana wenye mizizi minene na uvumilivu wa yule mpira. Kazi hiyo iliendelea kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950.

Wengi hawajui kazi ile imefika wapi. Namikonga inayolimwa kusini mwa Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya zinatokana na machotara ya Amani. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni aina moja yenye majina mawili. Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1970 watafiti wa IITA pale Ibadan wakazitumia kupata aina kinzani kadhaa, mojawapo ikiitwa TMS 30572. Aina hiyo ikarudi Afrika Mashariki baadaye, na nchini Uganda ikapewa jina la Migyera. Imetoka Usambara ikazunguka bara, ikarudi jirani.

Mapacha wa Kenya

Ingawa kila mtu alisema batobato ni virusi, hakuna aliyekuwa ameviona na kuthibitisha. Kazi hiyo ilifanyika Kenya. Mtafiti aitwaye Kenneth Bock alivipata kwenye mihogo, akaviona kwa darubini ya elektroni: vijipande vidogo viwili viwili vilivyoshikana kama mapacha. Ndiyo sababu kundi hili likapewa jina linalotokana na neno la Kilatini la mapacha. Mwaka 1983 uthibitisho ukakamilika kwamba ndivyo vinavyoleta batobato, na mwaka huo huo maandishi yake yote yakasomwa huko Uingereza.

Maandishi hayo ni mafupi ajabu. Ni duara mbili za DNA, kila moja ina herufi 2,700 na ushee. Muhogo wenyewe una herufi mamia ya mamilioni. Duara moja ina maelekezo ya koti na ya kunakili. Ya pili ina maelekezo ya kupenya kutoka seli hadi seli kupitia vijitundu ambavyo mmea hutumia kupitishia chakula. Kila koti linabeba duara moja tu, kwa hiyo mmea unahitaji kupata aina zote mbili za maandishi ili uugue kamili. Koti moja la mapacha lina vipande 110 vya protini. Ukivipanga virusi hivi mstari kwa urefu wake, utahitaji makumi ya maelfu kujaza milimita moja.

Kitu kidogo hivyo kilikuja kuwatia watu njaa.

Uganda, 1988

Mwaka 1988 wakulima wa Luwero na maeneo ya jirani kaskazini mwa Kampala waliona batobato ambayo hawajawahi kuiona. Ile ya zamani walikuwa wameizoea: mavuno yanapungua, lakini mtu anakula. Hii mpya iliukunja mmea wote, na mizizi ikawa haipo. Ukali wake ulisogea kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Palipokuwa na mihogo kila ua, pakabaki vichaka. Katika baadhi ya wilaya watu waliacha kulima muhogo kabisa, na kati ya 1993 na 1994 njaa iliua watu. Katika miaka ya 1990 janga likavuka hadi magharibi mwa Kenya, kisha likaingia Kagera na Kanda ya Ziwa kwetu.

Mwaka 1997 watafiti walitoa maelezo. Mmea mmoja ulikuwa umeambukizwa na virusi vya aina mbili kwa pamoja. Aina zote mbili zilikuwa zinanakiliwa ndani ya kiini kile kile cha seli, na vifaa vile vile vya muhogo. Katika unakili huo kipande cha maandishi ya mmoja kikaunganishwa kwenye maandishi ya mwingine. Kipande chenyewe kinatoka katikati ya maelekezo ya koti. Fundi wetu, akiwa na karatasi mbili za wezi mezani, amezichanganya na kutoa ya tatu.

Tena ikaonekana kwamba mmea wenye kirusi hicho kipya pamoja na kile cha zamani unaugua vibaya kuliko ukiwa na kimoja. Mimea ina ulinzi wake. Huyatambua maandishi ya kigeni na kuyakatakata. Kila kirusi kina namna yake ya kuuzima ulinzi huo. Wakikaa wawili, ulinzi unazimwa pande mbili.

Nawaomba msome tena aya hizo mbili, hasa ninyi mnaosafirisha mbegu. Muhogo wenye ugonjwa "kidogo" unaoachwa shambani, ukaongezewa mbegu yenye ugonjwa kutoka wilaya nyingine, ni mahali ambapo virusi vinakutana.

Uganda ilijiokoa kwa aina kinzani, Migyera ikiwa mojawapo, zilizozidishwa na vikundi vya wakulima na kugawiwa kijiji kwa kijiji. Hakuna shamba lililookolewa kwa bomba la dawa.

Michirizi ya kahawia, na kosa langu

Ule ugonjwa wa pili wa Storey ulikaa pwani kwa miongo mingi. Watu wakaamini kwamba ni ugonjwa wa joto, hauwezi kupanda nyanda za juu. Kilichousababisha kilijulikana kwa uhakika mwaka 2001, nacho ni kirusi cha kundi lingine chenye RNA. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, mbali na pwani na juu sana kuliko ilivyodhaniwa. Tangu hapo umeenea kuzunguka Ziwa Victoria na kwingineko.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unajificha. Majani ya chini yanapata unjano pembeni mwa mishipa, na mkulima anadhani yanazeeka. Mti unasimama vizuri. Ukichimba na kukata mzizi, ndani kuna kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia, na huo haufai kwa chakula wala kwa unga. Mfanyabiashara aliyenunua shamba zima kwa kuangalia majani, hasara yake anaikuta chini ya udongo.

Mimi mwenyewe nimefanya kosa hili. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipata gari, nikaenda kuchukua mbegu za aina tamu iliyosifiwa sana, wilaya ya chini, nikaleta kata niliyokuwa nikiihudumia. Fimbo zilikuwa nene, hazina jani hata moja, zinapendeza. Niligawa kwa mikono yangu. Miezi tisa baadaye mama mmoja aliniita shambani kwake, akakata mzizi mbele yangu bila kusema neno. Akakata wa pili. Wa tatu nilimwambia inatosha. Sikumletea mbegu, nilimletea karatasi ya mwizi, mimi afisa. Kirusi hiki ndani ya inzi mweupe hakikai zaidi ya siku moja au mbili, kwa hiyo inzi hakibebi mbali. Kinachokibeba kilomita mia ni gari, na gari lina dereva.

Fedha yako uiweke wapi

Kama umenifuata hadi hapa, mambo haya yatakuwa na sababu kwako, si amri ya ofisi tu.

Kwanza, usinunue dawa ya kutibu batobato au michirizi. Anayekuuzia ama hajui, ama anajua. Dawa ya wadudu yaweza kupunguza inzi weupe, lakini inzi aliyebeba batobato anahitaji dakika kama 10 tu za kufyonza ili kuambukiza, na wengine wanaingia kutoka shamba la jirani kila siku.

Pili, weka fedha kwenye mbegu. Pingili ikitoka na virusi, mmea unaanza maisha yake ukiwa umetekwa, na hasara yake ni kubwa kuliko ya mmea ulioambukizwa na inzi baadaye. Nunua kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, au uliza ofisi ya kilimo ya kata nani anazalisha mbegu za daraja la kuazimiwa. Vituo vya TARI kama Kibaha, Naliendele na Ukiriguru vina aina kinzani au vumilivu, na kila kanda ina zinazoifaa. Kumbuka neno vumilivu halina maana ya salama milele: aina vumilivu kama Kiroba inaweza kubeba kirusi na kukuzalia, huku ikimwambukiza jirani yake.

Tatu, jifunze kusoma mmea ukiwa mchanga. Kama majani ya kwanza kabisa baada ya kuchipua yana batobato, ugonjwa ulikuja na pingili; mlaumu uliyenunua kwake. Kama majani ya chini ni safi na ya juu yana mabaka, ni inzi aliyeuleta. Kagua kila wiki katika miezi mitatu ya mwanzo, ng'oa wagonjwa, wafukie au wachome. Najua inauma kung'oa mmea ambao ungeweza kukupa mzizi mmoja au miwili. Ila mmea huo ni kiwanda, na kinachozalishwa humo kinakwenda kwa wenzake.

Nne, kwa michirizi, usichukue mbegu kwenye shina ambalo hukuona mizizi yake. Chimba kwanza, kata mizizi kadhaa, ndipo ukate fimbo. Anayenunua shamba zima naye afanye hivyo hivyo: chimba mashina machache pembe nne na katikati kabla ya kulipa.

Tano, kwa wasafirishaji: usihamishe mbegu kutoka wilaya hadi wilaya kabla ya kuuliza ofisi ya kilimo ya unakotoka na unakokwenda. Faida ya gari moja la mbegu haifiki hasara ya kata nzima. Mimi nimeiona.

Na mwisho, kuna jambo la kutia moyo. Mara nyingi virusi haviwahi kufika kwenye ncha kabisa ya mmea unaokua. Mwaka 1952 watafiti wawili wa Ufaransa, Morel na Martin, walikata ncha za maua ya dalia yaliyokuwa na virusi, wakazikuza kwenye chupa, zikatoa mimea safi. Njia hiyo ndiyo inayotumika leo maabara kusafisha muhogo kabla ya kuuzidisha. Kwa hiyo aina nzuri ya bibi yako iliyoshambuliwa haijapotea moja kwa moja. Lakini inasafishwa maabara, kisha inalindwa shambani na wewe.

Msimu wa kupanda unakaribia. Kabla hujakata fimbo, nipigie nije tutazame shamba pamoja, na njoo na jembe.